Viriba vya karatasi Dodoma: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Kitalu chetu ni kidogo, kipo Nzuguni, na huu ni msimu wa nne tunatengeneza viriba vya miche kwa karatasi zilizokwisha kutumika. Wanaokuja kununua mche mmoja wa papai huondoka na maswali kumi, kwa hiyo tumeyaandika. Maelezo mengi ya kazi hii yametoka kwa watu wa kwenye mvua, ambao hofu yao ni kiriba kuoza mapema. Dodoma tuna mvua ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, halafu jua na upepo. Huku kwetu kiriba hukauka kabla hakijaoza. Karibu kila jibu hapa chini linatokana na hilo.

Kiriba cha karatasi ni kitu gani hasa?

Ni karatasi iliyolowekwa, ikatwangwa hadi ikawa rojo, ikashindiliwa kwenye kalibu, yaani chombo cha kuipa umbo, na kuanikwa. Ukishajaza udongo unaotesha mche humo humo, na siku ya kupanda unaufukia mche pamoja na kiriba chake. Huchani, hutoi, hutupi.

Tofauti yake kubwa na kiriba cha nailoni ipo kwenye mizizi. Ndani ya nailoni mzizi hugonga ukuta, hukosa njia, huanza kuzunguka. Ukuta wa karatasi unapitisha hewa, hivyo ncha ya mzizi ikiufikia hukauka kidogo, na mzizi hutoa matawi nyuma yake. Mche unatoka na mizizi midogo mingi badala ya kamba moja iliyojisokota.

Lakini ukuta unaopitisha hewa unapitisha na maji. Kila aliyekunywa maji ya mtungi anajua kwa nini yana ubaridi: maji hupenya ukuta wa udongo, upepo huyachukua, mtungi unapoa. Kiriba cha karatasi ni mtungi mdogo. Mizizi inapata ubaridi, sawa, ila maji yanakwenda.

Viriba vya nailoni si vilipigwa marufuku?

Hapana. Katazo lililoanza tarehe 1 Juni 2019 lililenga mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Vifungashio vya plastiki vya baadhi ya sekta, kilimo ikiwemo, viliachwa nje ya katazo. Anayetumia viriba vya nailoni havunji sheria, na sisi wenyewe bado tunavitumia kwa miti inayokaa kitaluni muda mrefu.

Karatasi zipi zinafaa?

Magazeti, daftari zilizokwisha, karatasi za fotokopi, maboksi ya kahawia, trei za mayai. Hazifanani, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kuchanganya chochote kilichopo.

Nguvu ya kiriba inatoka kwenye nyuzi za karatasi, na kila karatasi inaporudiwa kusagwa nyuzi zake hukatika na kuwa fupi. Boksi la kahawia lina nyuzi ndefu. Karatasi nyeupe ya ofisini ipo katikati. Gazeti lina nyuzi fupi, na trei ya mayai imekwisha kupitia safari zote hizo, kwa hiyo inalainika upesi na kuvunjika upesi. Tunachotumia ni ndoo mbili za boksi kwa ndoo moja ya gazeti au karatasi nyeupe. Ukiwa na gunia bovu la katani, likatekate vipande vya sentimita moja au mbili, utie konzi moja kwenye ndoo ya rojo. Ukuta hautapasuka kirahisi.

Zisizofaa: karatasi za kung'aa za majarida na kalenda, kwa sababu zimepakwa tabaka ambalo halilowani vizuri, maboksi ya maziwa na juisi, yana plastiki na alumini ndani, karatasi iliyoshikwa na selotepu nyingi. Pini za stepla toa zote. Moja ikibaki kwenye rojo itakupata mkononi.

Risiti za EFD usitumie hata moja. Zile hazichapwi kwa wino. Karatasi yenyewe imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto, na mara nyingi kemikali hiyo ni ya kundi la bisfenoli. Hatuitaki kwenye udongo wa nyanya.

Mifuko ya saruji ya karatasi inatamanisha, maana ni migumu kweli. Tuliijaribu. Saruji inayobaki kwenye mikunjo ni ya magadi makali, na maji ya visima vya huku mengi tayari yana magadi yake. Miche ya hoho ilidumaa. Tukaacha.

Na wino wa magazeti?

Wino mweusi wa gazeti kwa sehemu kubwa ni masizi na mafuta. Kwa kiasi kinachoingia kwenye kiriba kimoja hatuna wasiwasi. Kurasa zenye rangi nyingi tunaziweka pembeni, hasa kwa miche ya mboga za majani.

Karatasi tunazipata wapi kwa wingi?

Mji una ofisi kila kona tangu Serikali ihamie, na steshenari za karibu na vyuo hutupa fotokopi zilizoharibika kila siku. Steshenari ndiyo rahisi zaidi: acha gunia, pitia Ijumaa. Maboksi yapo Soko la Majengo na kwenye maduka ya jumla. Ofisini usichukue karatasi kwa mlango wa nyuma kupitia kwa mfagizi. Nyaraka za ofisi zina utaratibu wake wa kuharibiwa, na anayeumia ukikutwa nazo ni yule mfagizi.

Karatasi zilizopita kwenye mashine ya kukatia huwa tumeshapewa bure na tukafurahi, kisha tukagundua kwamba mashine imekata nyuzi zote. Zichanganye na boksi, zisiwe zaidi ya robo.

Kalibu naitengenezaje nyumbani?

Unahitaji vitu viwili: ganda la nje na kijazio cha ndani. Rojo linakaa katikati yao.

Ganda: kata bomba la PVC la inchi 3, urefu wa sentimita 12. Lipasue kwa msumeno kutoka juu hadi chini upande mmoja, kisha upande wa pili, upate nusu mbili. Zifunge pamoja kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli, kimoja juu kimoja chini. Toboa matundu madogo pande zote kwa msumari uliochomwa moto, kila baada ya sentimita mbili. Hayo ndiyo yatakayotoa maji ukishindilia. Fanyia kazi hiyo nje, moshi wa PVC si mzuri kwa mapafu.

Kijazio: wengi hutumia chupa ya maji ya nusu lita iliyojazwa mchanga mkavu na kufungwa. Inafaa kwa kuanzia, ila chupa nyingi zina mikunjo ubavuni, na rojo likishika kwenye mikunjo ukuta unang'oka unapoivuta. Sisi tulimpelekea seremala kipimo akatuchongea mti wa mviringo wenye upana wa sentimita 6.5 juu na 6.2 chini. Huo upungufu wa milimita tatu ndio siri yote. Kitu chenye unene sawa juu na chini hakitoki kwenye rojo bila ugomvi. Kipake mafuta ya kupikia kidogo, au kizungushie kipande cha kitambaa chembamba, na kitateleza.

Ukiweka kijazio ndani ya ganda, ibaki nafasi ya nusu sentimita hivi kuzunguka pande zote. Ikiwa chini ya hapo kiriba kinachanika kikijazwa udongo, na ikizidi sana hakikauki, na mizizi inachelewa kupenya.

Chini hakuna haja ya kitako maalumu. Weka wavu wa dirishani juu ya ubao uliotobolewa, simamisha ganda juu yake, basi.

Rojo linatengenezwaje?

Chana karatasi vipande vya ukubwa wa kiganja, uziloweke kutwa na usiku kucha. Boksi likae siku mbili. Kisha twanga kwenye kinu. Kinu kinafanya kazi nzuri kuliko blenda, kwa sababu mchi unazifumua nyuzi wakati visu vya blenda vinazikata. Usitwangie kwenye kinu cha mahindi, lakini. Tafuta cha zamani kilichopasuka mdomo. Rojo limeiva ukilitia kidogo kwenye glasi ya maji, ukatikisa, usione kipande cha karatasi chenye pembe.

Lichuje kwenye kitambaa na ulikamue hadi ukishika tonge libaki na umbo, huku maji yakitiririka kidogo ukilibana. Weka tonge la kwanza ndani ya ganda, chini kabisa, lishindilie kwa kijazio mpaka kitako kiwe na unene wa kidole. Toboa kitako kwa kijiti matundu matatu. Rudisha kijazio katikati, uanze kulishia rojo pembeni kidogo kidogo huku ukishindilia kwa kijiti bapa, mzunguko kwa mzunguko. Usiharakishe hapo. Ukuta uliojazwa kwa mkupuo unakuwa na mapengo usiyoyaona mpaka kiriba kikauke. Ukifika juu, zungusha kijazio kama unayefungua kifuniko, kivute polepole. Fungua mipira, achanisha nusu mbili za bomba.

Viriba vitano vya kwanza vitaharibika. Rojo lirudishe kwenye ndoo, hakuna hasara.

Kazi hii si inamaliza maji?

Inamaliza, kama unamwaga. Kilo moja ya karatasi inataka lita 15 hadi 20 za kulowekea, na mtu anayenunua maji kwa ndoo hawezi kuzimwaga kila siku. Maji unayokamua yarudishe kwenye beseni la kulowekea awamu inayofuata. Sisi tunayazungusha mara nne au tano, tunaongeza yale yaliyopungua tu. Yakianza kutoa harufu mbaya, mwagia shina la mti mkubwa.

Nitie uji wa muhogo au gundi?

Gundi hapana. Uji sikushauri, ingawa kuna wanaouapia. Nyuzi za karatasi hushikana zenyewe zinapokauka. Ndivyo karatasi inavyotengenezwa tangu zamani. Uji wa wanga unakipa kiriba ugumu wa siku chache, halafu unawaita panya, mende na ukungu. Kama rojo lako halishikani, halijatwangwa vya kutosha.

Kilo moja inatoa viriba vingapi?

Kiriba cha kalibu hiyo, chenye kimo cha sentimita 10, kikikauka kina uzito wa gramu 40 hadi 50. Kwa hiyo kilo inatoa 20 hadi 25. Kwa wanaohesabu kwa karatasi: A4 moja ya kawaida ina gramu 5, basi kiriba kimoja kinakula karatasi nane hadi kumi, na rim nzima ya kilo mbili na nusu inatoa viriba hamsini na kitu.

Lazima kutwanga? Nina kazi nyingine.

Kama unataka miche thelathini ya nyanya kwa bustani ya nyumbani, usitwange. Chukua ukurasa wa gazeti, ukunje kwa urefu mara mbili, uviringishe kwenye chupa ya nusu lita, ukiacha vidole vitatu vya karatasi vikipita chini ya kitako. Zile zinazoning'inia zikunje ndani, gonga chupa mezani, toa chupa. Imechukua dakika moja. Kitakaa wiki tatu, nne ukiwa mpole wakati wa kumwagilia. Ukweli ni kwamba wengi wanaokuja kujifunza kalibu wangetosheka na hiki.

Cha rojo kinafaa pale mche unapohitaji wiki sita hadi nane, au unaposafirishwa, tuseme kutoka hapa kwenda Kongwa nyuma ya pikipiki.

Viriba vyangu vinapasuka na kupinda vikianikwa.

Uliviweka juani moja kwa moja. Upepo wa Dodoma kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 9 unakausha upande mmoja kabla ya mwingine, na upande uliokauka unavuta wenzake. Siku ya kwanza vikae kivulini palipokingwa upepo, vigeuze jioni, siku ya pili vitoe juani. Mwezi wa 10 siku mbili zinatosha. Wakati wa masika usitengeneze kabisa. Tumia ulivyoviweka akiba.

Mchwa wamekula viriba vyote. Nifanyeje?

Pole sana. Msimu wetu wa kwanza tulipanga viriba mia mbili juu ya ardhi tupu, tukamwagilia, tukalala. Baada ya siku nne ukivinyanyua unabaki na udongo wenye umbo la kiriba. Karatasi ni mti uliosagwa, na kwa mchwa wa huku, katika kiangazi, kitu laini chenye unyevunyevu kilichowekwa chini ni mwaliko rasmi.

Tangu hapo hakuna kiriba kinachogusa ardhi. Tuna vichanja vya miti kimo cha goti, na kila mguu wa kichanja umesimama ndani ya kopo la maziwa lenye maji. Makopo yanahitaji kujazwa kila siku mbili, na kichanja kisiguse ukuta wala uzio, maana mchwa hawana haja ya kupita mguuni kama kuna njia nyingine. Watu hushauri oili chafu badala ya maji. Inawazuia, ila inamwagika na kuharibu udongo, na tumeanza kazi hii ili tusichafue. Majivu yanasaidia yakiwa makavu. Yakilowa yanabaki tope tu.

Asiye na kichanja atandike nailoni nene chini, ikunjwe kingo juu, apange viriba humo. Ndiyo, nailoni. Jirani yetu bibi mmoja alipoona akacheka: "Mwanangu, umeikimbia plastiki ukaishia kuilalia!" Ana haki ya kucheka. Lakini karatasi hiyo moja ya nailoni ina miaka mitatu sasa.

Na shambani je? Mchwa watakifuata kiriba hata kikiwa kimefukiwa. Kwa kawaida wakila kiriba peke yake hakuna ubaya, kilikuwa kioze hata hivyo. Tatizo ni wakishamaliza kiriba wakageukia shina. Hawa hushambulia zaidi mche wenye kiu, kwa hiyo dawa ya kwanza ni kupanda wakati ardhi imelowa. Matandazo makavu usiyalundike yakagusa shina.

Kuna mdudu mwingine wa kuogopa?

Mbuzi. Mbuzi anakula gazeti hata halijawa kiriba. Kuku nao huparura. Jenga uzio kabla hujatengeneza kalibu.

Miche yangu inageuka njano ingawa namwagilia vizuri.

Vijidudu vinavyoozesha karatasi vinahitaji naitrojeni, na karatasi yenyewe karibu haina. Vinaichukua kwenye udongo ulio karibu, yaani ile ile ambayo mche wako ungeitumia. Majani ya chini yanaanza kupauka, kwa kawaida wiki ya tatu au ya nne.

Dawa ni kuwalisha wote wawili. Loweka samadi iliyooza kwenye ndoo kwa wiki moja, ichuje, uipunguze kwa maji hadi iwe na rangi ya chai ya rangi, umwagilie mara moja kwa wiki tangu mche upate majani mawili halisi. Mwenye urea atie kijiko kimoja cha chai, gramu 5 hivi, kwenye lita 10 za maji, na baada ya kumwagilia asafishe majani kwa maji matupu. Usizidishe kwa huruma. Ukizidisha mche unaungua.

Kama majani ya juu ndiyo ya njano na mishipa imebaki kijani, hilo ni jambo jingine. Mara nyingi ni magadi ya maji yako.

Udongo gani wa kujazia?

Sehemu tatu za udongo wa juu, mbili za samadi iliyooza, moja ya mchanga. Samadi si shida katika mkoa wa wafugaji, shida ni subira: samadi mbichi ya zizini inaunguza mizizi. Igeuze na kuilowesha kwa miezi mitatu. Udongo mweusi wa mbugani usitumie peke yake, unapasuka ukikauka na kung'ang'ania ukilowa. Jaza hadi sentimita moja chini ya mdomo.

Nimwagilie mara ngapi?

Mara nyingi kuliko ulivyozoea na nailoni. Kwenye kiangazi asubuhi na jioni, kidogo kidogo. Kinachosaidia zaidi ya ndoo nyingi ni kuvibana viriba vikae ubavu kwa ubavu na kujaza mchanga katikati na kuzunguka kundi zima. Viriba vilivyotengana kila kimoja kinapigwa na upepo pande zote. Vikibanana na mchanga wenye unyevu, tunaweza kuruka mwagilio la jioni. Kizuizi cha upepo upande wa mashariki, hata cha magunia, ni sawa na kuongezewa maji.

Pima kwa kunyanyua kiriba. Chepesi kina kiu. Rangi ya ukuta nayo inasema: uliolowa umekolea, mkavu umepauka.

Ukuta ukipata unga mweupe juu yake, hiyo ni chumvi ya maji ya kisima inayobaki maji yakikauka. Mara moja kila wiki mbili mwagilia hadi maji yatiririke chini kwa wingi, yaisombe. Ukipata maji ya mvua, hayo weka kwa ajili ya miche midogo.

Upande wa pili: ukilowesha muda wote kuna kinyausi, mche unakatika shingoni na kulala. Hutokea hata Dodoma, hasa chini ya kivuli kizito.

Miche gani inafaa?

Inayochukia kuguswa mizizi ndiyo inayofaidi kuliko yote: papai, tikiti maji, matango, maboga. Tikiti na tango ziwe shambani baada ya wiki mbili au tatu. Papai likae wiki sita hadi nane. Nyanya, hoho, bilinganya na pilipili zinafaa bila maelezo. Mchicha na mlenda ni kupoteza kiriba, mwaga mbegu shambani.

Miti inayokua haraka kama mlonge inawezekana. Mwarobaini, mjohoro na mwembe wa kubebeshwa hukaa kitaluni miezi mingi, na kiriba cha karatasi kitakuwa kimechoka kabla mche haujakomaa. Vipandikizi vya zabibu vivyo hivyo. Tumeulizwa mno, maana hapa ni Dodoma, na jibu linabaki lile lile: tumia nailoni, uichane siku ya kupanda, uirudishe nyumbani.

Kwa miti, si bora kisiki hai?

Kisiki hai ni kuuacha mti uliokatwa uote tena kutoka kwenye kisiki chake. Pale penye visiki vinavyochipua, ndiyo. Kuchagua machipukizi mazuri, kuyapogolea na kuyalinda dhidi ya mifugo hakuhitaji kiriba wala ndoo ya maji, na mizizi yake imeshafika chini. Kitalu ni kwa ajili ya mti ambao hauna kisiki hapo: matunda, kivuli cha nyumbani, ua la shule.

Siku ya kupanda nifanye nini?

Hapa ndipo kiriba kinaposifiwa au kulaumiwa.

Kwanza, uuzoeshe mche jua kwa wiki moja kabla. Asubuhi ya kupanda kizamishe kiriba kizima kwenye beseni la maji mpaka mapovu yaishe. Ukifukia kiriba kikavu kwenye udongo mkavu, kinabaki kuwa ukuta. Mwaka wa pili tulipanda mipapai kumi na miwili mwezi wa 7, tukategemea mwagilio la juu juu. Kumi ilidumaa. Tulipoifukua mwezi wa 11, viriba vilikuwa vizima kabisa, vigumu kama siku vilipotoka kwenye kalibu, na mizizi imekaa ndani kama mfungwa.

Pili, chana kitako, au upasue ubavu mara mbili kwa kisu. Watu wanaona huruma. Chana.

Tatu, mdomo wa kiriba usiachwe ukichungulia juu ya udongo. Karatasi iliyo nje inafanya kazi ya utambi wa koroboi: inayavuta maji kutoka kwenye mizizi na kuyapa upepo. Unyofoe mdomo au ufukie wote, udongo uupite kwa vidole viwili.

Kisha mwagilia kwa wingi, uache kisahani kuzunguka shina. Kwenye udongo unaobaki na unyevu, ukuta unalainika ndani ya wiki nne hadi nane. Kwa asiye na maji ya kumwagilia, wakati wa kupanda ni baada ya mvua kubwa ya pili au ya tatu, ardhi ikiwa imelowa kupita kina cha jembe. Mvua ya kwanza ya Desemba imewadanganya wengi.

Biashara inalipa?

Kwa bei ya kiriba kitupu, hapana. Kiriba cha nailoni ni rahisi mno, na mtu mmoja mwenye kalibu moja hutoa viriba arobaini hadi sitini kwa siku akiwa amezoea. Kinacholipa ni mche ulio ndani yake, hasa papai na tikiti, kwa sababu mnunuzi anaona haukunyauka baada ya kupandwa na anarudi. Tunauza miche. Viriba vitupu tunawapa watoto wa shule wanaokuja kujifunza, nao ni mafundi hodari wa kutwanga.

Viriba vilivyobaki vitafaa mwakani?

Vikikauka sawasawa vinakaa hata miaka miwili. Vipange kimoja ndani ya kingine, vitie kwenye gunia, ulining'inize darini. Ukiliweka sakafuni, panya atazalia humo na mchwa watamalizia. Vilivyovunjika rudisha kwenye beseni la kulowekea, ila uongeze boksi jipya kidogo, maana hizo nyuzi zimezeeka.